Sista Leonsia Kokugonza, Aliyewaacha Watu Wamalize Kusema

Ndugu waombolezaji, tunayemlaza leo, Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, katika udongo huu wa Ilemela, ni Leonsia Kokugonza Byabato, mke wa Alexander Rwehumbiza, mama wa Kaijage na Nice, muuguzi na mwalimu wa wauguzi. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kamachumu, wilayani Muleba, mkoani Kagera, mtoto wa tatu katika familia ya Mzee Yeremia Byabato, katekista na mkulima wa kahawa, na Mama Kemilembe. Wazazi wote wawili wametangulia mbele za haki.

Leonsia alikuwa na kigugumizi tangu alipoanza kusema. Maneno yalimkwama, shingo ikamkaza, macho yakamtoka, na kila aliyekuwa karibu akawa na haraka ya kummalizia. Mzee Yeremia alipenda wanawe wazungumze Kiswahili nyumbani, basi siku moja binti alimkimbilia akipiga kelele, "Baba, mbu-mbu-mbu..." Mzee akarukia, "Mbuni? Mbuni umefanya nini?" Akatoka mbio kwenda kukagua mibuni yake, mmoja baada ya mwingine, huku mbuzi wa jirani akimaliza maharage yote nyuma ya nyumba. Kisa hicho kilichekwa kwa miaka mingi na marehemu mwenyewe alikuwa wa kwanza kukisimulia. Lakini alipokuwa mtu mzima aliwahi kumwambia binti yake kwamba utoto wake wote ulikuwa kama kufungiwa ndani ya chumba ambacho watu wanapita dirishani na kumjibu maswali ambayo hakuuliza.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha sekondari ya wasichana mjini Bukoba, alikohitimu kidato cha nne mwaka 1979. Alipoomba uuguzi, mwalimu wake alimshauri achague kazi ya maabara, kwa kuwa muuguzi hana budi kuongea. Hakusikia. Katika usaili wa chuo mmoja wa wasaili alimuuliza kwa upole, lakini mbele za watu, "Binti, na kigugumizi hiki, utazungumzaje na wagonjwa?" Leonsia alivuta pumzi. Akajibu, "Wa-watakuwa wanazungumza wao." Walicheka, wakamchukua. Alisoma mwaka 1980 hadi 1983, na Januari 1984 akaanza kazi katika hospitali moja kubwa jijini Mwanza, ambayo familia imeona isiitaje.

Mwaka 1985 aliletwa wodini fundi wa meli aliyeungua mkono kwa mvuke wa injini. Ndiye Alexander Rwehumbiza, naye Mhaya wa Kamachumu, ingawa hawakuwahi kuonana huko. Alikuwa akifanya kazi chini kabisa, kwenye injini za meli ya mizigo iliyopeleka saruji Bukoba na kurudi na kahawa na mikungu ya ndizi, na kelele za injini zilikuwa zimeanza kumharibu masikio. Kwa sababu hiyo alizoea kumtazama mtu mdomoni mpaka amalize. Leonsia alipokuwa akimbadilishia bandeji alimuuliza swali refu, likamkwama katikati, na yule kijana hakusaidia wala kuangalia pembeni. Alisubiri tu, mkono umeinuliwa hewani. Neno likatoka. Marehemu alisema alijua siku hiyohiyo. Walifunga ndoa takatifu tarehe 27 Juni 1987, wakajenga hapa Ilemela juu ya mawe, na Mungu akawajalia Kaijage mwaka 1988 na Nice mwaka 1992.

Wengi mliopo hapa mlimfahamu akiwa mwalimu, na mnajua aliyokuwa akiyasisitiza. Keti kwanza ndipo useme. Usimmalizie mgonjwa sentensi. Usimwambie "usijali" mtu mwenye kila sababu ya kujali. Usimwite mtu kwa jina la ugonjwa wake. Wauguzi wa zamu moja walipokuwa wakiwakabidhi wenzao wa zamu inayofuata, wamesimama miguuni pa kitanda na kumzungumzia mgonjwa kana kwamba ni mzigo uliochelewa bandarini, marehemu aliwakatiza, akamgeukia mgonjwa mwenyewe: "Shikamoo mzee. Tunazungumza habari zako. Tukikosea, utusahihishe." Mzee mmoja aliitikia marahaba, halafu akawasahihisha kweli: dawa walizoandika kwamba amemeza asubuhi hakuwa amepewa.

Hata hivyo si wengi mnaojua mafundisho hayo yalimgharimu nini. Marehemu aliagiza lisemwe leo bila kupunguzwa.

Mwaka 1998 alilazwa wodini mwake mwanamke aitwaye Akeyo, kutoka pwani ya ziwa upande wa Shirati, mkoani Mara. Alikuwa na saratani ya kizazi iliyokwisha kusambaa. Mume wake, Ogada, alikuwa mvuvi mpole asiyezoea mji, hivyo msemaji wa familia akawa mdogo wake, Collins, aliyekuwa akiishi Igoma, hapa Mwanza, na kumiliki karakana ya kuchomelea vyuma. Collins aliwaita daktari na matroni pembeni. Akasema, "Shemeji asiambiwe. Akiambiwa atakufa kabla ya siku zake. Mwambieni ni uvimbe mdogo." Wakakubali. Matroni akatoa amri kwa wauguzi wote: mgonjwa yule ana uvimbe mdogo na anaendelea vizuri, na muuguzi hana mamlaka ya kusema zaidi ya hapo.

Basi kila aliyefika kitandani kwa Akeyo alifika akicheka. Daktari alitania, wauguzi walitania, ndugu walileta sato wa kukaanga na hadithi za nyumbani. Akeyo mwanzoni aliuliza maswali, baadaye akaacha kuuliza, mwishowe akaacha na kula, akawa analala amegeukia ukutani. Leonsia alimhudumia kwa muda mrefu akiwa amebanwa. Kusema asingeweza. Kudanganya vilevile hakuweza, maana kila alipojaribu kusema "uvimbe mdogo" ulimi ulimkataa palepale. Alimweleza mumewe kwamba anaingia wodi ile kama mtu anayeingia mahali pasipo na mlango wa kutokea.

Mchana mmoja, Leonsia akiwa anamsafisha, Akeyo aligeuka akamtazama.

"Sista," alisema, "mbona kila mtu akija hapa anacheka?"

Leonsia aliweka chini trei ya vifaa, akavuta kigoda, akaketi.

"Ni kweli, wa-wanacheka," alijibu. "Wewe unafikiri wanacheka nini?"

Mhudumu alipita na kapu la mashuka, akarudi na kapu tupu. Kisha Akeyo akasema polepole, "Wanacheka kwa sababu ninakufa."

Leonsia hakusema ndiyo wala hapana. Alimshika mkono. "Na kama ni hivyo," alimuuliza, "kuna jambo unataka kulifanya?"

Ndipo Akeyo akafunguka. Alikuwa na binti mdogo, Ajwang, ambaye hakutaka abaki mikononi mwa watu atakaogawiwa baada ya msiba. Alitaka alelewe na dada yake wa Musoma. Lakini angemwambiaje mumewe, wakati kila akianza Ogada anamwambia watarudi nyumbani wakavune mtama pamoja? Leonsia aliuliza, "Nikuitie Ogada?" Akamwita. Akavuta pazia, akasimama nje yake kuwazuia watu. Mume na mke walizungumza Kijaluo kwa muda mrefu. Leonsia hakuelewa neno, ila alisikia mwanamume akilia, kisha mwanamke akimbembeleza. Jioni ile Akeyo aliomba uji.

Kesho yake Collins alikuja akiwaka. "Nani amemwambia? Nataka jina!"

Marehemu aliitwa mbele ya kamati. Matroni alimuuliza, "Ulimwambia?"

"Si-sikumwambia. Aliniambia yeye."

"Ungekanusha."

"Ni-ningesema uongo."

"Sista Leonsia," matroni alisema, na walioshuhudia walisema hakupaza hata sauti, "kazi yako ni kufunga kidonda. Maneno yana wenyewe."

Akaondolewa wodini na kupelekwa kwenye chumba cha kutakasia vifaa. Ni chumba cha chini, kisicho na dirisha, chenye mashine za mvuke zinazonguruma kutwa nzima. Kazi yake ilikuwa kukunja pamba na vitambaa, kufunga mikasi na koleo kwenye vifurushi, kuviingiza kwenye mashine na kuvitoa. Hakukuwa na mgonjwa. Vifurushi vilichukuliwa kupitia kitundu ukutani, na aliyevichukua alionekana mikono tu. Aliomba kurudishwa wodini, akaambiwa asubiri. Akaomba tena, akaambiwa anapaswa kushukuru kwamba hakufukuzwa. Alikaa humo zaidi ya miaka mitatu.

Kigugumizi alichokuwa amekizoea kikarudi kwa nguvu za utotoni. Alirudi nyumbani jioni nguo zikinuka mvuke, akapika, akawaogesha watoto, bila kusema lolote. Kaijage, aliyekuwa darasa la tano, alidhani mama amekasirika naye. Mzee Alexander alikuwa ndiye pekee aliyejua la kufanya: aliketi naye jikoni mpaka neno la kwanza litoke, hata kama lilikuwa "chumvi". Kuacha kazi alifikiria, lakini uuguzi ndio aliokuwa nao, na kwenda hospitali nyingine kulihitaji barua ya matroni yuleyule.

Siku moja mlango wa chumba kile uligongwa. Alikuwa Ogada, amebeba sangara mkubwa ndani ya gunia, amepotea korido zote akimtafuta. Akeyo alikuwa amefariki nyumbani kwake, mkono wake ukiwa katika mkono wa dada yake, na Ajwang alikuwa tayari Musoma, anasoma. Ogada hakuwa na Kiswahili kingi. Alisema, "Sista, tuliagana," akaweka samaki juu ya meza ya vifurushi, akaenda zake. Meza ilibidi isafishwe upya na kila kitu kitakaswe tena. Marehemu alisema hajawahi kufanya kazi ile kwa furaha kama siku hiyo.

Mwaka 2001 alikuja matroni mpya. Alishuka chini kulalamika kuhusu vifurushi vilivyolowa, akamkuta Leonsia, akamuuliza imekuwaje muuguzi wa ngazi yake akae humo. Leonsia alimweleza, kwa taabu, na yule mama akaketi juu ya sanduku mpaka mwisho. Alirudishwa wodini mwezi huohuo. Baadaye alisomeshwa stashahada, na mwaka 2006 akahamia chuo cha uuguzi kufundisha somo la mawasiliano kati ya muuguzi na mgonjwa. Alilifundisha kwa kigugumizi chake kilekile hadi alipostaafu Machi 2021, na wanafunzi waliokuja wakimcheka wiki ya kwanza ndio hao mnaowaona hapa leo wamevaa sare nyeupe.

Mwishoni mwa mwaka 2024 marehemu alianza kukonda na kusikia maumivu yanayotoka tumboni hadi mgongoni. Februari 2025, akinawa uso, aliona kwenye kioo macho yake yamegeuka manjano. Alisimama pale mpaka maji yakajaa beseni na kumwagika. Hakuna aliyehitaji kumweleza.

Baada ya vipimo daktari alimwomba Mzee Alexander watoke kidogo koridoni. Leonsia aliwaona kupitia kioo cha mlango: daktari akisema, mumewe akiinamisha sikio lake zuri, kisha mkono wake ukitafuta ukuta. Ilikuwa saratani ya kongosho, imekwisha kufika kwenye ini. Mzee Alexander alimsihi daktari asimwambie mgonjwa. Aliporudi ndani alikuwa anatabasamu.

"Mawe kwenye nyongo tu, Mama Kaijage," alisema. "Watakupa dawa yayeyuke."

"Ni ma-ma..."

"Mawe, ndiyo. Utapona."

Ni mtu aliyemsubiri kwa karibu miaka arobaini. Sasa hakuweza kusubiri tena, kwa kuwa aliogopa neno ambalo lingetoka.

Nyumba ikajaa kicheko. Wageni walisimamishwa getini na kuelezwa la kusema kabla hawajaingia. Nice, anayefundisha shule ya msingi Buhongwa, alikuja kila siku baada ya vipindi akiwa amenawa uso kwa maji baridi. Kaijage, aliyeko Dar es Salaam, alipiga simu asubuhi na jioni: amepata nafasi katika hospitali ya huko, amekata tiketi za ndege, mama ajiandae. Walizungumzia Krismasi ya Kamachumu, kuezeka upya jiko la nyuma, mjukuu atakayepata komunyo ya kwanza. Marehemu alikubali yote. Alimeza dawa za mawe yasiyokuwepo. Kila alipofungua mdomo, mtu alimmalizia.

Kwa nini alinyamaza, mtu aliyelipia ukweli kwa miaka ile mitatu katika chumba cha mvuke? Nice alimuuliza baadaye. Alijibu kwamba alimwangalia baba yao akipanga mabati ya jiko lile, akipima, akihesabu misumari, naye akaona kwamba akimnyang'anya hilo mzee ataanguka. "Kwa mgonjwa wa wodini u-unaketi, unauliza," alisema. "Kwa mume wako unaogopa jibu." Alisema alikuwa amefungwa upande mmoja na ugonjwa na upande mwingine na upendo wao, na upande wa upendo ndio uliombana zaidi, kwa sababu huo huwezi kuupigia kelele.

Aliyevunja hali hiyo hakukusudia. Jumatano moja ya mwezi Mei jumuiya ilikuja kusali nyumbani. Mama Ngosha, jirani yetu mpendwa, aliyepo hapa na aliyeruhusu hili lisemwe, aliongoza sala ya mwisho. Alikuwa ameonywa getini kama wengine. Lakini Roho alimshika, na lafudhi yake ya Kisukuma ikaja juu: "Ee Bwana, tunakuomba umpokee mtumishi wako Reonsia..." Akasita. Mama Ngosha alifungua jicho moja, akaona nyuso, akajaribu kujiokoa: "...yaani umpokee... umpokee kule uwanja wa ndege, Dar es Saraam!"

Marehemu ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu, machozi yakamtoka, kisha akasema kwa sauti kubwa, bila kukwama hata herufi moja: "Amina." Wanajumuiya walikunywa chai yao haraka, wakaaga.

Mzee Alexander alikimbilia jikoni. Leonsia alimwita.

"Baba Kaijage. Njoo ukae."

"Kuna maji jikoni yanachemka."

"Yaache yachemke."

Alikuja, akasimama mlangoni. Halafu akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akiangalia sakafu.

"Mimi si-si..." alianza Leonsia.

"Utapo..." mzee alianza, akajikamata. Akainua macho, akamtazama mdomoni.

"Sina mawe," alisema Leonsia. "Nina saratani. Nimejua tangu macho yalipobadilika. Nilikuona pale koridoni ukishika ukuta."

Mzee alilia kama mtoto. Alisema ni yeye aliyemwomba daktari, alidhani anamlinda. Leonsia alimwambia, "Na mimi nilikuwa nakulinda wewe. Tumekaa nyumba moja mi-miezi mitatu, kila mtu amejifungia chumba chake." Nice alipofika jioni aliwakuta wamekaa vilevile, sufuria jikoni imekauka na kuungua, na baba yake ameshika miguu ya mama akiikanda.

Haikuwa mwisho wa kubanwa. Kaijage alipopewa habari alikuja kwa ndege siku iliyofuata, tiketi zikiwa mfukoni.

"Mama, unakata tamaa," alisema.

"Sikati tamaa, mwanangu. Nakata safari."

Mwana alikasirika. Alisema hawezi kukaa akimtazama mama yake anakufa wakati kuna madaktari. Leonsia hakubishana. Alimuuliza ni nini anachokiogopa zaidi, na Kaijage akatoka nje kwa hasira. Alikaa juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba mpaka jua likashuka kwenye ziwa. Aliporudi alisema anaogopa kwamba watu watasema ana kazi nzuri na mama yake alifia kitandani nyumbani. Akaona aibu palepale kwa kulisema. Mama yake alimvuta kichwa, akakiweka kwenye bega. Tiketi zilirudishwa.

Tangu hapo alihudumiwa nyumbani. Sista Odeta, aliyekuwa mwanafunzi wake, alileta mofini ya maji kila wiki na kumfundisha Nice namna ya kuipima na kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza. Maumivu yalipungua, hayakuisha. Zilikuwepo siku ambazo marehemu hakutaka kuzungumza na mtu yeyote, na siku mbili tatu ambazo alimfokea mumewe bila sababu. Hakuwa malaika. Lakini aliongea, na wakamwacha amalize.

Jambo moja aliloliomba lilizua matatizo. Alitaka azikwe hapa Ilemela badala ya kibanja cha ukoo, shamba la migomba ambamo Wahaya huzika watu wao, huko Kamachumu. Mzee Alexander miguu imemwisha; safari ya meli au basi hadi Muleba haiwezi tena kila apendapo, na Leonsia alitaka afikike kwa mkongojo. Kaka mkubwa wa mzee, Mzee Revocatus, alikataa kwa simu. "Mke wa ukoo hazikwi kwenye mawe kama mtu asiye na kwao," alisema. Marehemu aliomba simu aongee mwenyewe. Akaanza, "Shi-shikamoo ba-ba..." Simu ikakatwa. Alijaribu tena wiki iliyofuata, haikupokelewa. Alisema, "Basi, nimeomba." Lakini Nice anajua lilimuuma, kwa kuwa aliuliza kila asubuhi kama Kamachumu wamepiga.

Alifariki siku ya Jumatano, tarehe 6 Agosti 2025, asubuhi, nyumbani kwake. Alikuwa amekunywa uji kidogo na kulalamika kwamba dawa ni chungu. Bomba la nje lilikuwa linadondosha maji, akamwomba mumewe akalifunge vizuri. Mzee alikwenda, akalikaza, akarudi, hakumkuta. Tangu hapo amekuwa akiuliza kama alimtoa nje makusudi au kama angebaki angewahi kuagwa. Alimuuliza Sista Odeta. Odeta alivuta kiti, akaketi naye, wakakaa.

Wasifu huu ulipokuwa karibu kupelekwa kuchapwa jana alasiri, Mzee Revocatus alishuka kwenye teksi getini, vumbi la safari limemjaa mabegani. Hakuna aliyekuwa amemtarajia. Alikuwa amebeba machipukizi ya migomba yaliyofungwa kwenye gunia lililoloweshwa, na udongo wa kibanjani bado umeshika mizizi. Mzee Alexander alisimama kwa shida kumpokea. Revocatus aliomba aonyeshwe mahali pa kaburi. Akaja hapa, taratibu, ndugu wawili wameshikana mikono, akawakuta vijana wanachimba kwa nyundo na mtaimbo. Alichukua konzi ya udongo, akaifikicha, akatazama mawe yaliyotolewa, akatazama ilipo nyumba ya mdogo wake.

"Udongo ni mwembamba," alisema. "Tutaweka samadi." Akavua koti, akaomba jembe.

Marehemu ameacha mume, Mzee Alexander Rwehumbiza, watoto wawili, Kaijage na Nice, wajukuu wanne, ndugu zake wa Kamachumu na Bukoba, shemeji yake, Mzee Revocatus, na wauguzi wengi aliowafundisha, walioko kazini saa hii katika hospitali na zahanati za kanda hii ya ziwa.

Leonsia Kokugonza, Bwana akupe pumziko, na amani yake ikukalie.